Milio Miwili na Kukata

Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuinua simu kabla haijalia mara tatu. Wageni walituona watu wa ajabu. Simu inalia sebuleni, sisi tumekaa pale pale tunaitazama, na hakuna anayenyoosha mkono. Rafiki zangu wa shule waliniuliza kama kwetu tunaogopa simu. Niliwaambia wamuulize mama yangu, na kwa kuwa walimjua mama yangu, hakuna aliyeuliza.

Sheria hiyo ililetwa na Baba. Alikuwa fundi wa nyaya za simu za reli, alitoka magharibi akiwa kijana akapata kazi Nakuru, na kwa sababu ya kazi hiyo nyumba yetu ya mtaa wa Section 58 ilifungiwa simu wakati majirani wengi hawakuwa nayo. Mara nyingi alipelekwa Longonot kutengeneza nyaya za upande ule wa bonde, na huko alikaa siku nyingi. Akifika, alipiga simu nyumbani kutoka stesheni, akaiacha ilie mara mbili, akakata. Maana yake nimefika, niko mzima. Ikilia mara mbili, ikanyamaza, kisha ikalia tena mara mbili, maana yake kuna jambo, njooni. Mlio wa tatu ulikuwa wa watu wengine, wale wanaotaka kuongea, na hapo ndipo tulipoinua. Simu ya mkononi ilipokuja na nchi nzima ikaanza kuflashiana, kupigiana na kukata kabla ya kuinuliwa, sisi tulishakuwa wakongwe wa mchezo huo.

Baba ndiye aliyetunga sheria, lakini askari wake alikuwa Mama. Kaka yangu aliwahi kuinua simu kwenye mlio wa pili. Alikuwa mdogo, alitaka tu kusikia sauti ya Baba. Mama alimkimbiza na mwiko mpaka kwa jirani, na jioni hiyo kaka alikula akiwa amesimama. Kwa kawaida Mama hakuwa mtu wa maneno. Akisikia milio miwili na kimya, alisema tu, "Amefika," mabega yakashuka, akarudi jikoni kusonga ugali.

Mimi ndiye niliyemfuata Baba kwenye nyaya. Nimefanya kazi ya simu tangu nilipomaliza chuo, na watu wakiniuliza nafanya nini hasa, huwaeleza hivi. Kwenye simu za zamani kuna vitu viwili vinavyosafiri: kuna sauti, na kuna ishara. Kabla hujasema halo, mtambo wa kwenu unauliza mtambo wa kule: huyu yupo? Laini yake iko wazi? Basi mpigie kengele. Mtambo wa kule unajibu: tayari, inalia. Ni baada ya jibu hilo ndipo unasikia mlio sikioni. Kwa hiyo mlio ulikuwa habari ya kweli kutoka mbali, kwamba kengele inalia pale ulipoitaka ilie. Na kama hakuna aliyeinua, sauti haikusafiri hata kidogo. Zilikwenda ishara peke yake, zikarudi. Ndoa ya wazazi wangu iliendeshwa kwa hizo ishara, na sikuwahi kuwaona wakipungukiwa.

Simu za intaneti zina lugha yake. Kampuni ndogo iliyoniajiri hapa mjini ina mtambo unaokaa katikati na kutafsiri, upande mmoja ishara za zamani, upande wa pili intaneti. Sisi tunauita geti. Mtu anapiga kwa simu yake ya kawaida, geti linapokea ishara, linaigeuza, linaitupa kwenye intaneti, na simu inalia mezani kwako au mfukoni mwako popote ulipo. Niliipenda kazi hiyo. Sasa naifanya tu.

Wezi wa shaba walipomaliza nyaya za mtaa wetu, hakuna aliyekuja kutandika nyingine, na simu ya sebuleni ikafa. Wakati huo Baba alikuwa ameshatutoka. Mama alikuwa amehamia Bahati, kwenye kishamba walichonunua kwa ajili ya uzee wao, na ng'ombe mmoja na sukuma wiki za kutosha kanisa zima. Mimi nilibaki Section 58. Ningeiacha ile namba ife, lakini Mama alinipigia kwa hasira.

"Nimepiga nyumbani haiingii."

"Si umenipata kwa hii yangu, Mama."

"Hiyo ni yako. Mimi nataka ya nyumbani."

Basi nikaihamishia namba ya nyumbani kwenye geti letu. Nikaweka simu mpya pale pale mezani ilipokuwa ya zamani, na nikaitega ilie pia kwenye simu yangu ya mkononi, ili hata nikiwa kazini nimsikie. Jioni ya kwanza ililia mara mbili, ikanyamaza. Nilikuwa peke yangu sebuleni, na nilisema kwa sauti, "Amefika."

Kisha Mama akapata stroki.

Miguu ilirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu. Maneno hayakurudi. Alielewa kila kitu, ungemwona machoni, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa mngurumo, na aliuonea haya. Wiki za mwanzo alijaribu kumpigia kaka yangu, ambaye yuko Nairobi. Simu yake ilikuwa imezima, akakopa ya jirani na kubonyezewa namba. Kaka akaona namba asiyoijua, akasikia mtu anayenguruma, akasema, "Halo? Nani wewe? Wacha mchezo," akakata. Kaka alipojua kwamba ni Mama alilia, na mimi sikumfariji, kwa sababu nilikuwa na hasira naye na nilitaka alie vizuri. Tangu siku hiyo Mama hakumruhusu mtu yeyote amsikie kwenye simu.

Nilimleta Section 58 akae nami. Alikaa mlangoni na mkoba wake, siku baada ya siku, mpaka nikamrudisha Bahati kwa ng'ombe wake. Jirani, mama mmoja mwenye roho safi ambaye shamba lake limepakana na letu kwa ua wa miti, alikubali kumwangalia asubuhi na jioni. Nilimnunulia Mama simu yenye picha yangu, ubonyeze picha tu. Aliigeuza mezani uso chini. Majina hakuweza tena kuyasoma, namba mpya hazikukaa kichwani, lakini ile ya nyumbani kidole gumba kiliijua chenyewe, kwenye simu yake ya zamani. Kwa hiyo tukarudi kwenye sheria ya zamani. Kila jioni, milio miwili na kukata: niko sawa. Na kama kuna jambo, mara mbili, kisha mara mbili tena, nami nitakuja mbio. Nilimweleza hayo nikiwa nimemshika mikono, na alinitazama kama mtu anayefundishwa kupika chai. Hakuwa na sauti tena, alikuwa na ishara tu, na hiyo namba moja ilikuwa ndiyo mdomo wake. Nililala usingizi mzuri kwa sababu yake.

Kazini, wateja walikuwa wakilalamika. Mtu anapiga namba inayopita kwenye geti letu, na kabla simu haijalia kunakuwa na kimya, kwa sababu geti linatafuta upande wa pili kwenye intaneti, na intaneti yetu ya hapa, hasa jioni na siku za mvua, huwa na uvivu. Mtu akisikia kimya anadhani simu imekufa, anakata. Bosi wetu, kijana msomi na mwenye adabu, alituita akatueleza dawa yake.

"Customer akisikia kimya ana-hang up. So tunampa mlio saa ile ile anapiga. Geti yenyewe ndiyo itamchezea. Huku nyuma sisi tunaendelea kutafuta."

"Yaani anasikia inalia na haijalia?" niliuliza.

"Mathe, ni sekunde tu," alinijibu; vijana wa ofisini huniita hivyo, yaani mama. "Nani atajua?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli: nani atajua? Mtu wa kawaida anapopiga simu hungoja. Mlio wa kwanza ni wa uongo, wa pili pengine ni wa uongo, wa tatu ni wa kweli, yote inasikika sawa, na mwisho wake mtu anaitika. Malalamiko yalikwisha. Wateja walifurahi.

Muda si muda Mama akaanza kukosa jioni zake. Leo inalia, kesho kimya. Mara ya kwanza nilimpigia jirani, naye akaenda akamkuta ameketi kwenye kiti chake, simu mapajani, mzima wa afya. "Ako sawa kabisa," jirani aliniambia. "Ila amekasirika. Nimemuuliza mbona hujaflash, akanionyesha vidole viwili, akaigonga simu."

Vidole viwili. Nilidhani anasema kesho kutwa. Jirani alidhani anataka tembe mbili. Kaka yangu, nilipompigia, alishusha pumzi kwanza.

"Dada, Mama anasahau. Ni stroki hiyo. Daktari si alisema inaweza kuja hivyo."

Nilibisha. Kisha nikajaribu ile namba, kwa kuwa mimi ni fundi na sichukui neno la mtu. Nilipiga nikiwa ofisini, nikasikia inalia, na simu yangu ya mkononi ikalia mkobani. Iko sawa. Nilipiga tena siku nyingine nikiwa sokoni, ikalia. Nilijaribu kama kila mtu anavyojaribu simu, unapiga, unangoja mpaka ilie. Basi tatizo si namba. Jioni zilizokosa zikawa nyingi kuliko zilizofika, hasa mvua zilipoanza, nami nikaacha kumsumbua jirani kila mara. Nilipokwenda Bahati Jumamosi, Mama aliniwekea vidole viwili usoni, akavitikisa. Machozi yalimlenga. Nikamwambia, "Ukisahau si kitu, Mama. Hakuna anayekulaumu." Aliondoka akaenda kumwangalia ng'ombe, na hakurudi ndani mpaka nilipoondoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, jioni, na mvua ilikuwa imeshika toka asubuhi. Nilikuwa bado kazini. Jirani ndiye aliyenipigia, na nilijua kwa namna alivyosema "Mama yako," akaishia hapo. Alikuwa amemkuta Mama kwenye kibaraza, kwenye kiti chake, amelala upande mmoja. Alikuwa amepoa.

Tulipofika, mimi na kaka, tulimkuta bado amevaa kama walivyomkuta: gauni la bluu la kanisani, kitambaa kichwani, soksi, viatu vyeusi alivyovaa siku za Meza ya Bwana. Mkoba wake mweusi ulikuwa kando ya kiti. Simu ilikuwa mapajani mwake. Jirani alijilaumu sana. Alisema alipita kando ya ua mchana akienda kwa mkutano wa chama cha akina mama, akamwona amekaa pale na nguo nzuri, anabonyeza simu, anaishusha, anabonyeza tena, kisha anaangalia barabara. Alimpungia mkono, na Mama hakupunga. "Nikafikiri pengine kuna mtu wa kanisa anakuja kumchukua. Hakuwa analia, hata hakuwa anaonekana mgonjwa."

"Alifikiri ni Jumapili," kaka yangu alisema. Alilisema mara nyingi siku za matanga, kwa kila aliyeuliza habari za lile gauni. Akili ilikuwa imeshachoka, alivaa akangoja kanisa siku isiyo ya kanisa. Watu waliitikia kwa huruma, na kusema afadhali, hakujua kitu. Mimi pia niliwaambia hivyo. Maneno hayo yalinipa nafuu. Simu yangu haikulia siku ile; niliitazama mara nyingi kuhakikisha, na haikuwa na alama yoyote ya kwamba mtu alinipigia. Basi hakuwa ametuita. Tulimzika Bahati, kando ya Baba.

Baada ya matanga kaka alikuja Section 58 tushughulikie cheti cha kifo. Tulihitaji kitambulisho cha Mama. Nilikuwa nimeuweka mkoba wake chumbani bila kuufungua, sikuwa na nguvu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeuchukua akaumwaga kwenye meza ya sebuleni, karibu na simu.

Ilianguka kadi ya hospitali. Ikaanguka kanga iliyokunjwa, na taulo dogo. Sabuni, nusu kipande, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Patipati za kuogea. Kikombe cha plastiki. Kitambulisho kilikuwa ndani ya kadi ya hospitali.

Kaka alipekua tena ndani ya mkoba, akaupindua nje ndani.

"Biblia yake iko wapi?" aliniuliza.

Mama hakuwahi kwenda kanisani bila Biblia, hata baada ya kushindwa kuisoma. Hivyo vilivyokuwa mezani havikuwa vitu vya kanisani. Ni vitu ambavyo kila mwanamke wa kwetu hufunga akijua atalazwa. Alikuwa amejisikia vibaya, akajua ni nini, kwa sababu kilishampata mara moja. Akafunga vitu vyake, akavaa nguo za kuonekana na madaktari, akaenda kukaa mahali ambapo gari likija litamwona.

"Lakini hakutuflash," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Angetuflash. Si angetuflash?"

Simu ya Mama ilikuwa kwenye droo. Niliiwasha. Sikuwa na wazo lolote la kifundi kichwani, naapa, nilitaka tu kufanya alichofanya yeye, kwa kidole changu, nione. Nilibonyeza ile namba. Simu ya mezani ilikuwa mbele yangu, karibu na sabuni yake. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Nilisikia mlio sikioni, safi, mrefu. Simu ya mezani ilikuwa kimya. Nilisikia mlio wa pili. Kaka alikuwa ananitazama, na simu ya mezani ilikuwa kimya, na hapo nilikuwa nimeshajua. Mlio wa tatu ulipokuja sikioni, ndipo simu ya mezani ikalia, na ya mkononi kwangu nayo ikalia, kwa mara ya kwanza.

"Hiyo imelia sasa hivi tu?" kaka aliuliza. "Wewe umesikia ngapi kabla yake?"

Nilimwonyesha vidole viwili, kisha nikaona nilichokuwa nimefanya, nikavishusha.

Alinitaka nirudie. Nikapiga, nikaacha ilie mara mbili sikioni, nikakata. Simu ya mezani haikulia. Nikapiga tena, mara mbili, nikakata. Haikulia. Haikubaki hata alama kwenye kioo chake kwamba kuna mtu alijaribu. Mtu mwingine yeyote duniani angengoja mlio mmoja zaidi akatupata. Ila mama yangu alijua kwamba nyumba hii haihitaji mlio wa tatu. Alikuwa amesikia kengele ikilia sebuleni kwake, kwa masikio yake, jioni zote zile na siku ile ya mwisho. Alijua kwamba ametuita. Alijua kwamba tumesikia.

Nilimweleza kaka habari za geti, na mlio wa uongo, na mkutano ule. Nilieleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza wateja. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Aliirudisha sabuni ndani ya mkoba, na patipati, na kikombe, na kanga, akaufunga zipu. Kisha akasimama, akachukua ufunguo wa gari.

"Twende Bahati."

"Kufanya nini sasa?"

"Ametuita," alisema.

Tukaenda. Tulifika mvua imepungua, jirani akatuona kutoka upande wake wa ua na hakuja, na tulimshukuru kwa hilo. Kiti cha Mama kilikuwa bado kwenye kibaraza. Kaka alisimama. Mimi niliketi, mkoba mapajani, nikatazama mbele kama alivyotazama. Kutoka kwenye kiti kile barabara inaonekana yote, tangu kona ya juu mpaka kwenye lango letu, na kila gari linalokuja unaliona kwa muda mrefu kabla hujajua kama ni lenu.